Kiboko wa Mistari Minne

Jongeeni. Anayedhani naongopa aondoke sasa hivi, akakae na wenye adabu. Ndevu sina, na shule niliiacha darasa la nne, wala mpaka leo haijatuma mtu kunitafuta. Lakini kisa hiki ni cha wazee, mdomo tu ndio wangu. Kije, kisije? Semeni kije. Haya, kimekuja.

Siku hizo, watoto, siku ambazo kuku walikuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na kivuko, na kivukoni palikuwa na kiboko mwenye hasira. Aling'ata mitumbwi, aling'ata mizigo, aling'ata na makalio. Mnacheka? Hayakuwa yenu.

Jumbe Mbalika akamwita Lihumbo, kijana aliyekuwa akichora kuta za nyumba kwa mkaa na chokaa. "Nichoree kiboko kwenye lile jabali la njiani. Mgeni akiona ajue, apite kivuko cha juu."

"Jumbe wangu," Lihumbo akajibu, "mimi nikichora, sibakishi kitu."

Na kweli hakubakisha. Akachora mikunjo ya shingo, akachora ndevu, udevu mmoja baada ya mwingine, akachora kope, akachora kucha, akachora ndege mgongoni, na kupe ambaye yule ndege alikuwa akimdonoa. Mwezi mzima. Watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kutazama, wakasimama papo hapo njiani, midomo wazi. Siku moja wanawake watatu waliokuwa wakienda harusini wakaanza kubishana: vidole ni vinne, la, vidole ni vitano. Kiboko akatoka mwenyewe kuwaonyesha. Mmoja wao ile harusi aliisherehekea kwa kulalia tumbo.

Jumbe akachafukwa. "Lihumbo, nilitaka watu wakimbie, wewe umewawekea maonyesho. Nakupa siku saba. Akiumwa mtu mwingine, nitakufunga wewe pale jabalini, uwe ndiyo alama. Sauti unayo."

Lihumbo akayapapasa makalio yake, akayaonea huruma, akaenda kwa Bibi Sinyati, mfinyanzi wa vyungu.

Bibi akamwaga majivu kwenye ungo, akayasawazisha. "Chora yai."

"Yai, bibi? Mimi ndiye niliyechora kupe."

"Nimesikia. Na aliyelalia tumbo nimemwona. Chora yai, mjukuu wangu."

Akachora yai, na nyufa zake, na unyoya ulioganda, na uchafu. Bibi akatikisa ungo, mchoro ukapotea. "Nilisema yai. Sikuuliza kuku alikula nini."

Akachora, bibi akatikisa ungo. Akachora, bibi akatikisa ungo. Siku ya kwanza yai, siku ya pili mstari, nao ulinyooka kama mkia wa nguruwe. Siku ya tatu chungu, siku ya nne mbuzi, na mbuzi naye akapewa kope. Bibi akatikisa ungo mpaka mkono ukamuuma.

"Finya macho," akamwambia siku ya tano. "Haya, mtazame mbuzi."

"Nikifinya sioni vizuri."

"Unaona nini?"

"Tumbo. Pembe. Basi."

"Basi chora hivyo. Usichokiona ukifinya, usikichore. Wewe unadhani tunaitwa wafinyanzi kwa sababu ya udongo? Kwanza tunafinya macho."

Hilo msimpelekee mwalimu wenu, atalikataa. Lakini Lihumbo alifinya, akachora tumbo, akachora pembe, akaacha. Ungo haukutikiswa.

Siku ya sita akapanda mti mbali na maji, akamtazama kiboko, akafinya macho. Kope zikaenda, masikio yakaenda, ndege akaenda na kupe wake. Ukabaki mdomo. Akashuka, akalisugua jabali kwa mchanga na maji, na zile kope zilipofutika chozi lilimtoka. Kisha akachora mistari minne: miwili taya, miwili meno.

Watu wakamcheka. "Siku sita, mistari minne? Beberu wangu angechora hivyo kwa mkia." Jumbe akaguna, akaagiza kamba iletwe.

Siku ya saba akatokea mgeni na mzigo wa chumvi, hajui mto, hajui kiboko. Kijiji kizima kimejificha kwenye matete, Lihumbo mbele, kamba mkononi mwa jumbe. Mgeni akaja, akaja, akainua macho. Hakusimama. Miguu iligeuka kabla yake, akashika njia ya juu mbio, chumvi inamwagika nyuma.

Jumbe akamfuata akihema. "Bwana, umeona nini pale?"

"Mdomo."

"Na kingine?"

"Mzee wangu, ukishaona mdomo, unangoja kuona nini tena?"

Kamba ikaenda kufungia mbuzi.

Ndiyo maana tunasema, watoto: jicho lione yote, mkono uchague. Kisa changu kimevuka. Anayekitaka akifuate ng'ambo, ila apite kivuko cha juu.

Haya, msinikazie macho hivyo. Kuna kipande nimekiruka. Yule mgeni hakuwa wa kwanza. Siku ile ya sita, Lihumbo alipomaliza mistari yake alikwenda kando kunawa mkaa, akageuka, akaliona jabali. Shuka yake ilikutwa miibani. Mwenyewe alikutwa kijiji cha pili. Nimekiruka kwa kuwa Lihumbo ni wa ukoo wetu, na ukoo wetu hatukimbii. Tunawahi kufika.