Maji ya Bibi Nakiete

Mwanamke mmoja alikuwa na kamera, na kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za maisha ya watu jinsi yalivyo. Aliitwa Naetwe. Chuoni alisomea mila na maisha ya jamii, akafundishwa kukaa na watu hadi wamzoee, na kutazama bila kuongeza jambo. Baada ya kupiga picha ugenini kwa miaka mingi, alirudi kwao milimani, kwa watu wanaonywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja.

Alikaa nao tangu kupanda hadi kuvuna. Alimpiga picha Mzee Senzota, msimamizi wa mfereji, akigeuzia maji kwenye migomba yake siku isiyo zamu yake. Aliwapiga picha na wengine wakitoboa ukingo kwa siri ambayo wote waliijua. Na kule mfereji unakoishia alimpiga picha Bibi Nakiete, mjane, amesimama katikati ya mahindi yaliyokauka.

Filamu ilipokuwa tayari aliwaita waitazame kwanza, maana ndivyo alivyofundishwa: mwenye sura ana haki juu ya sura yake. Walitazama, wakachekana sana. Kisha wakamfuata mmoja mmoja, Mzee Senzota akitangulia.

"Mwanangu," alisema, "hayo ya jirani yaache, maana ni kweli tupu. Ila pale nilipo mimi, pakate."

Wote walisema hivyohivyo. Naetwe alibishana nao mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuweza kumlazimisha asiyetaka kuonekana. Akakata. Bibi Nakiete peke yake hakuomba kitu.

Siku ya maonyesho watu walijaa darasani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Ikapita milima, wakapita mbuzi na watoto wakiimba, kisha mjane katika shamba kavu. Mkono uliozuia maji haukuonekana popote. Watu wakanong'ona, "Huyu mama ni mvivu tu." Bibi Nakiete akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Msimu uliofuata hakulima. Alihamia kwa binti yake, na shamba lake likaingiwa na migomba ya Mzee Senzota.

Siku ile ya maonyesho Naetwe alizima mashine kabla filamu haijaisha. Makofi yakapigwa hata hivyo.

Ndugu zangu, kila Jumapili mnaniambia mlangoni, "Mchungaji, tuambie ukweli, usifiche." Nimechoka kuitikia. Hebu nijibuni leo: mnataka ukweli wa nani?