Muuguzi Aliyeitwa Nyapara

Wazazi wangu na vijana wenzangu, nisikilizeni kidogo. Palikuwa na muuguzi mmoja aliyeongoza wodi ya utengamao katika hospitali ya misheni, kule milimani. Ni wodi ya watu waliopooza, wanaofundishwa upya kuketi, kusimama na kuvaa. Kanuni yake ilikuwa moja: mgonjwa ambaye mkono wake unasogea hata kidogo, halishwi. Anawekewa kijiko mkononi, na watu wanangoja.

Mnajua kungoja huko kulivyokuwa? Uji ulipoa. Mtu alimaliza saa nzima kwenye vifungo vitatu vya shati, na muuguzi amesimama pembeni, mikono nyuma. Ndugu waliokuja kuwaona wagonjwa walimwita Nyapara. Walisema asiyezaa ndivyo anavyokuwa.

Basi akaletwa fundi cherehani aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Daktari alisema miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini. Mkono ukilala sasa, huenda asishone tena. Fundi huyu ndiye aliyemlea dada yake baada ya wazazi wao kufa. Dada akawa anakuja kila adhuhuri na chupa ya uji. Siku ya kwanza alimkuta kaka yake amejimwagia uji kifuani, machozi yanamtoka. Akamfuata muuguzi.

“Sista, huyu ni mtu mzima. Unamdhalilisha mbele za watu.”

“Shati litafuliwa, dada. Mkono ukifa, nani atauamsha?”

“Wewe huna uchungu naye.”

Muuguzi alimpangusa fundi, akamrudishia kijiko.

Kuanzia kesho yake, dada alikuwa akingoja wauguzi wapeane zamu, anavuta pazia, anamlisha kaka yake haraka haraka. Kisha anampaka uji kidogo kwenye shati, ili ionekane amejilisha mwenyewe. Wiki sita. Kaka hakukataa. Nani kati yetu angekataa?

Wenzake wakaenda nyumbani wakijifunga vifungo. Yeye alitoka mkono umejikunja kifuani, na dada akatangaza mtaa mzima kwamba Nyapara hajui kazi.

Mwaka uliofuata muuguzi alistaafu, hospitali ikamfanyia sherehe. Wiki hiyohiyo dada alikuwa amemkuta sokoni mgonjwa aliyelazwa kitanda cha jirani kule wodini, aliyekuwa hoi kuliko kaka yake, akimenya machungwa na kuuza. Siku ya sherehe watu walisimama mmoja mmoja kutoa shukrani. Aliposimama yule dada, watu wakatazamana, maana maneno yake yalijulikana.

“Nimemsema Sista kila mahali,” alisema. “Leo nasema kweli. Nilimlisha kaka yangu kwa siri, kila siku. Ule mkono niliula mimi.”

Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi aliinuka, shada la maua bado shingoni, akamwuliza kama kuna kidole kinachosogea. Dada akasema kidole gumba, kidogo sana.

“Basi mlete Jumatatu. Na mimi nitakuja. Ila wewe utabaki getini.”

Wapendwa, sisi ndio yule dada. Anayetubeba tunamchinjia kuku, anayetuambia simama tunampachika jina baya. Kuna mama hapa anamwandikia mwanawe kazi za shule, halafu anamlaumu mwalimu. Anasema ni upendo. Ni upendo kweli, au ni sisi tusioweza kuvumilia kuona mtu akihangaika?

Yule muuguzi alitukanwa miaka yote, akashukuriwa siku moja. Mtu kama huyo tumheshimu vipi? Maua yatanyauka kabla ya Jumapili ijayo. Heshima yake ni kumtii angali kazini, hata roho inapotuuma. Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, ukamkuta mgonjwa wako anapambana na kiatu chake, keti karibu naye. Mwombee kimyakimya. Usikiguse kile kiatu.