Koplo Ndimbo na Uji wa Bi Havijawa

Koplo Ndimbo alikuwa na misokoto miwili ya bangi, na kwa misokoto hiyohiyo alishajipatia majogoo kumi na mmoja. Kila mara aliingia nayo nyumbani kwa mtu, akajifanya ameiokota uvunguni, na mwenye nyumba akatoa jogoo ili yaishe.

Asubuhi moja alibisha kwa Bi Havijawa, muuza uji.

"Bibi, tumesikia unauza bangi. Nimekuja kupekua."

"Karibu, mwanangu. Nilikuona ukija; mjumbe wa mtaa yuko njiani kushuhudia. Kunywa uji kwanza."

Mjumbe alifika na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Utaratibu ni kwamba mpekuzi hupekuliwa kwanza," alisema Bi Havijawa, "asije akaingia na kitu."

Koplo alitokwa jasho. Watu walipogeuka kumpisha mjumbe, aliitumbukiza misokoto ndani ya bakuli lake la uji. Mjumbe akampapasa mpaka soksi, asikute kitu.

"Haya, nianze kazi," alisema Koplo, meno yote nje.

"Kwangu mgeni habakizi uji, baba. Kama umekushinda, mjumbe atamalizia."

Mjumbe alinyoosha mkono. Koplo alilinyakua bakuli, akagugumia uji wote, na kilichobaki akakitafuna.

Alipekua mpaka adhuhuri, akicheka na masufuria. Alipofika bandani akamwona jogoo, akakakamaa na kupiga saluti.

"Mkuu, naripoti! Bangi ni yangu! Majogoo kumi na mmoja wako nyumbani kwangu!"

Jogoo akawika.

"Umemsikia Mkuu," alisema Bi Havijawa. "Anasema uwarudishe sasa hivi, kabla uji haujakuishia."