Mize, Mtoto wa Nyumba Saba

Inasimuliwa kwamba siku ya Jumanne, tarehe nane ya mwezi wa Mfungo Tano, saa kumi na moja alfajiri, katika mji wa Mkunguni, alifariki mwanamke mgeni aitwaye Mwana Jaha, Mola amrehemu. Mumewe alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki, na jamaa hawakujulikana. Aliacha mtoto wa kike wa miezi miwili, jina lake Mize.

Watu wa mtaa ule walikuwa na ada waliyoirithi kwa mabibi zao. Mtoto aliyefiwa na mama hakuachiwa mtu mmoja. Wanawake waliokuwa wakinyonyesha walimpokea kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kila mmoja mara moja kwa siku. Mwaka ule walikuwa saba. Zamu ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri, ilimwangukia Mwana Somoe, mke wa mchonga milango, mcha Mungu mwenye ulimi mkali. Aliianza siku ile ile, marehemu hajaoshwa.

Ijumaa alasiri akaja mtu wa liwali, Bwana Thani, na amri mkononi: mtoto asiye na mzazi wala ndugu, wa nasaba au wa kunyonya, achukuliwe akalelewe katika nyumba ya liwali. Akalelewe! Kila mtu alijua kwamba watoto wale walikua wakichota maji na kufagia baraza za wenyewe, na walipoulizwa kwao ni wapi, hawakuwa na jibu.

Wanawake saba wakamfuata mpaka kwa kadhi, Sheikh Shekuwe.

"Nyumba saba, mama saba," alicheka Bwana Thani. "Huyu ni mtoto au kuku wa mtaani?"

"Kuku wa mtaani hujulikana na kila mtu," alijibu Mwana Somoe. "Wewe tunakujua kwa barua yako tu."

Kadhi aliinua mkono. "Katika madhehebu yetu, kunyonya kunakofunga udugu ni mara tano kamili. Yupo kati yenu aliyetimiza tano?"

Walihesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: Mwana Somoe alikuwa na nne, na hakuna aliyemzidi. Laiti mmoja wao angekuwa mchoyo, akajifungia ndani na mtoto siku moja tu, angekwisha kuwa mama yake. Waligawana malezi, na kwa kugawana hakuna aliyetimiza.

Mwana Tumu, mwenye zamu ya pili, alimfinya Mwana Somoe mkono. "Sema tano, shoga. Ni kidole kimoja tu. Nani alikuhesabia?"

"Aliyeniumba."

Kadhi akamwita, akamwekesha mkono juu ya Msahafu. "Mara ngapi, Mwana Somoe?"

Mwana Somoe aliukandamiza mkono pale pale kwa ghadhabu. Alimtazama Mize, ambaye alikuwa amelala kifuani kwa Mwana Tumu akinyonya ngumi yake mwenyewe.

"Nne."

"Umemuuza!" alipiga kelele Mwana Tumu. "Umemuuza mtoto ili wewe uonekane mcha Mungu!"

"Basi kisheria hana mtu," alisema kadhi. "Ataondoka kesho saa mbili asubuhi."

Bwana Thani alimpokonya mtoto, akaenda naye nyumba aliyofikia, akafunga mlango. Wanawake walitawanyika wakilia. Mwana Somoe hakuondoka.

"Hana mtu?" alisema. "Saba tumempakata, nawe waniambia hana mtu! Nimesema kweli kwa kumcha Mola, nawe umeifanya kisu cha kumkatia mtoto. Wala siifuti. Lakini nijibu, ewe kadhi: kabla ya hiyo saa mbili, ipo sheria inayomkataza mtoto mwenye njaa asinyonyeshwe?"

Kadhi alijibu: "Haipo."

Ndugu zangu, tunapenda kuhubiriwa subira kana kwamba subira ni kuinamisha kichwa. Mja mwema yule hakuinamisha kichwa, na uongo hakuusema. Alikasirika usiku kucha, akaswali akiwa amekasirika, na Mola ndiye ajuaye zaidi kipi kati ya hivyo kilikuwa ibada kubwa. Nasi leo, mtoto wa jirani anapochukuliwa kwa barua yenye muhuri, tunajifungia ndani tukisema ni amri ya wakubwa!

Kesho yake, Jumamosi, mara tu baada ya sala ya alfajiri, alikwenda na wanawake wanne wa kushuhudia, akabisha. Bwana Thani alifungua, macho mekundu. Mtoto alikuwa amekataa maziwa ya mbuzi na kulia hadi sauti ikamkauka. "Mchukueni anyamaze," alisema, "walau mpaka saa mbili." Mwana Somoe aliketi nyuma ya pazia akamnyonyesha, wala hakumtoa mpaka Mize mwenyewe alipoliachia titi. Kisha akatoka naye moja kwa moja hadi kwa kadhi.

"Tano," alisema.

Mashahidi walifungua vinywa, lakini kadhi hakuwangoja, wala hakuuliza Msahafu uko wapi. "Aliyesema nne jana," alimwambia Bwana Thani aliyekuja akihema, "leo simwapishi. Mtoto ana mama. Nenda."

Mwana Somoe hakushukuru. Alipita na mtoto hadi kwa Mwana Tumu, akamkuta mlangoni ameinamisha uso kwa haya, akamwekea Mize mikononi.

"Zamu yako," alisema, akaenda zake kupika.