Pimbi Aliyekufa Misimu Saba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakioana na kunyimana chumvi kama sisi, aliishi Pimbi mmoja mchekeshaji. Mnamjua pimbi, wanangu. Ni yule wa mwambani, mwenye masikio madogo, asiye na mkia, na ukimwona kwa mbali unadhani ni jiwe lililoota manyoya. Jina lake la jukwaani alijiita Mrefu.

Alianza kuchekesha harusini, akisimama juu ya kichuguu kwa sababu chini hakuonekana. Kichekesho kilichompa umaarufu kilikuwa kimoja tu, na alikitumia miaka mingi bila haya.

"Siku mikia inagawiwa," alikuwa akisema, "nami nilikwenda nikapanga foleni. Mgawaji akapaza sauti, 'Waliokaa hawapewi. Wewe mdogo, simama.'" Hapo alinyamaza, akawatazama watu mmoja mmoja. Kisha, kwa sauti ya unyonge: "Mzee, hapa nimesimama."

Kwa kwa kwa! Watu walicheka mpaka mama mkwe wa bwana harusi akasahau alikuwa amenuna.

Sifa zikampanda kichwani, akajiunga na kundi la maigizo. Aliomba kuigiza mfalme, akapewa maiti. Siku ya kwanza maiti ikapiga chafya, chyaa! Watazamaji wakatimua mbio, na kesho yake wakarudi wengi zaidi. Wakubwa wa kundi wakamfundisha kuvuta pumzi kidogo kidogo kwa pua, akajua kufa vizuri, akafa misimu saba mfululizo. Hakuna hata mmoja aliyemwomba aigize mtu mzima.

Kanuni yake ilikuwa kujicheka mwenyewe tu. Ilikuwa kanuni ya woga, na yeye alilijua hilo. Ukiwa na kimo cha sufuria, kwingine kote kuna meno.

Basi siku moja, kwenye sherehe ya mavuno, Bwana Chui alikaa mstari wa mbele, amekunja nne. Pimbi akatoa kichekesho cha mkia. Chui akapiga miayo. Akatoa cha masikio. Chui akazitazama kucha zake. Mchekeshaji akiona mmoja hacheki, hawaoni tena mia wanaocheka. Ni ugonjwa huo, nami msimulizi wenu ninao.

Pimbi akashindwa kujizuia. "Bwana Chui," alisema, "hilo koti lako, ni matope yamekataa kutoka, au nyumbani sabuni imekwisha?"

Uwanja ulilipuka. Pimbi alikuwa hajawahi kuchekewa vile maishani mwake, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha kamili. Kisha Chui akasimama taratibu.

"Kesho asubuhi nakuja kwako na kisu," alisema. "Nitakuchinja mbele ya mkeo. Tutaona kama utanichekesha."

Pimbi alifika nyumbani mbio, jasho linamtiririka. Mkewe, Bi Mwanakheri, alikuwa anachambua mboga.

"Umefanya nini?"

"Nimewafurahisha watu."

"Wote?"

"Wote ila Chui. Anakuja kunichinja asubuhi."

Bi Mwanakheri aliweka ungo chini, akafikiri. "Kukimbia huwezi, miguu yenyewe ndiyo hiyo. Kupigana tusiseme. Lakini kufa unaweza, mume wangu. Ndiyo kazi pekee uliyowahi kusifiwa."

Pimbi aliumia kidogo, lakini haukuwa wakati wa kubishana.

"Chui hali kibudu," mkewe aliendelea. "Mnyama aliyejifia bila kupitiwa na kisu, yeye hamgusi, kwa majivuno yake. Na msibani tunawaomba watu wamsamehe marehemu, mara tatu. Akishatamka mbele ya watu kwamba amekusamehe, tunakuingiza pangoni kama tunakuzika, unatokea upande wa pili, tunahamia kwa shangazi yako. Kazi yako ni kunyamaza tu."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Bi Mwanakheri alijua anamwomba jambo gumu.

Asubuhi Chui alikuta mikeka imetandikwa na vilio vimetanda. "Nani amemchinja?" aliuliza.

"Hakuna, shemeji. Alilala, hakuamka."

"Basi ni kibudu," alisema Chui, akarudisha kisu alani, uso umemshuka. Fisi, aliyekuwa amefika mapema na bakuli lake, alijitolea kubaki na maiti peke yake ailinde. Wazee wakamshukuru, wakamkalisha mbali.

Mzee Kobe akasimama mbele ya jeneza. "Ndugu zangu, jirani yetu alikuwa na ulimi. Mnamsamehe?"

"Tumemsamehe," waliitikia watu. Chui kimya.

"Mnamsamehe?"

"Tumemsamehe." Chui kimya. Chini ya shuka, Pimbi alivuta pumzi nyembamba kama uzi.

"Mnamsamehe?"

Sasa watu wote walikuwa wamemgeukia Chui. Akakohoa. "Haya. Nimemsamehe."

Jeneza likainuliwa. Lakini mlangoni Tumbili alikuwa amelala chini, ameziba njia. Ukoo wa Tumbili ni watani wa ukoo wa Pimbi, na mtani msibani ana ruhusa yake: huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na hakuna wa kumkasirikia. Tumbili akainuka, amevaa kanzu ya Pimbi iliyomfika magotini.

"Siku mikia inagawiwa," alianza, "nami nilikwenda nikapanga foleni."

Vizuri, aliwaza Pimbi. Polepole. Ukifika kwa mgawaji, nyamaza.

Tumbili hakunyamaza. "Mgawaji akasema wewe mdogo simama nikasema samahani mzee nimesimama ila huoni kwa kuwa ni mfupi!"

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Wewe umekufa, Pimbi alijiambia. Wafu hawasahihishi.

"Hamjaelewa?" alisema Tumbili. "Yaani alikuwa mfupi sana."

Shuka likaruka.

"Unakieleza!" alifoka marehemu. "Nani anaeleza kichekesho? Na pale pa kunyamaza umepaweka wapi?"

Puu! Wabebaji wakaliachia jeneza. Fisi akatoka nduki na bakuli lake. Chui akachomoa kisu.

"Bwana Chui," alisema Mzee Kobe, "umesamehe kwa kinywa chako."

"Nimemsamehe marehemu," alijibu Chui. "Huyu ni mzima."

Wazee wakatazamana. Neno lilikuwa na mantiki. Bi Mwanakheri akajifunika uso kwa kanga. Pimbi alibaki peke yake katikati ya watu, sanda mabegani, na safari hii kifo hakikuwa cha kuigiza.

Nyuma kabisa alikuwa Twiga, mtu mpole ambaye habari humfikia kwa kuchelewa. Aliinamisha shingo. "Samahani jamani, sisi wa nyuma hatuoni kitu. Marehemu asimame basi."

Macho yote kwa Pimbi. Akaitazama miguu yake, akamtazama Chui, akawatazama watu mmoja mmoja. Hakukusudia mzaha wowote. Alichotaka kusema ni kweli tupu.

"Mzee," alisema mwishowe, "hapa nimesimama."

Mdomo wa Chui ukacheza. Akaukaza. Ukacheza tena. Kisha, kwa! Kisu kikamponyoka, akakaa chini, akacheka na msiba mzima ukacheka naye, mpaka akajifuta machozi kwa ule mkia wake mzuri, mrefu.

"Nenda nyumbani," alisema alipopata pumzi. "Ila koti langu usilitaje tena."

Njiani Bi Mwanakheri alimwambia, "Nilikwambia unyamaze."

"Nilinyamaza," alisema Pimbi. "Pale kabla ya 'hapa'."

Na nyinyi wanangu, ukitaka kuchekesha watu ukabaki na shingo yako, anza na kimo chako mwenyewe, na uishie hapo hapo.