Kongoni Aliyejizoeza Kusimama

Paukwa! Mbona ameitika mmoja? Wote, paukwa! Pakawa! Haya, sasa twende.

Hapo zamani za kale mbuga ilikauka. Nyasi zikaisha, ndama wakaanza kufa. Mawingu yakaonekana mbali, nyuma ya vilima. Je, huko mvua imenyesha? Hakuna aliyejua. Lazima mmoja akimbie, aone, arudi na habari. Kwenda siku moja, kurudi siku moja.

Swala akasema, "Nitakwenda mimi. Nina mbio."

Kongoni alikuwa na ndama mgonjwa. Akasema, "Na mimi nitakwenda. Tupeni siku tatu tujizoeze."

Swala akajizoeza mbio tu. Kongoni akajizoeza mbio na kusimama. Siku ya kwanza hakunywa kabisa. Jua la utosini, miguu ikamlegea. Siku ya pili akakuta dimbwi, akanywa, gubu gubu gubu! Tumbo likajaa, likamuuma. Akalala kivulini. Kuinuka, miguu imekakamaa. Siku ya tatu akanywa kidogo, akatafuna kidogo, akalamba magadi, akaondoka. Akakimbia mpaka jioni.

"Kumbe ni hivi," akasema.

Siku ya safari Swala akachomoka, pyuu! Kongoni nyuma, pata-pata, pata-pata. Kwenye dimbwi la kwanza Kongoni akasimama. Swala akageuka, akacheka. "Shangazi, utakunywa mpaka lini?"

"Nimeshamaliza," akasema Kongoni. Pata-pata, pata-pata.

Dimbwi la pili Swala akapita. La tatu akapita. Penye mlima, puu! Akaanguka. Kongoni akamkuta ulimi nje.

"Kiu ilikushika lini?"

"Tangu asubuhi, shangazi. Niliogopa utanipita."

Kongoni akamwonea huruma. Lakini ndama wake anangoja. "Nanusa maji nyuma ya mwamba huu. Jikokote. Kunywa kidogo, pumzika, unywe tena. Mimi sikai."

Akapanda mlima, akatazama ng'ambo. Kijani kitupu! Kesho yake jioni akafika nyumbani. "Mvua imenyesha! Twendeni!"

Ndama wake akasimama, anatetemeka, akamfuata mama. Wote wakaenda, dimbwi kwa dimbwi. Kwenye mwamba wakamkuta Swala, amekonda, yu hai. Akaingia nyuma ya msafara.

Basi, wanangu na wakubwa zangu: mwendo mrefu usingoje kiu ndipo unywe, wala usikae mpaka miguu igande. Kunywa, kula, ondoka.

Hadithi yangu imefika, nami naishia hapo.