Sista Chapuchapu na Kitanda cha Saba

Wapendwa, leo sitaki amina za haraka. Na wewe kule nyuma uliyeegemea ukuta, kaa vizuri, maana habari hii inakuhusu.

Kulikuwa na nesi mmoja katika hospitali moja ya wilaya. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Walimwita Sista Chapuchapu. Wodi ya vitanda ishirini, wenzake walihangaika nayo saa nzima. Yeye dakika ishirini kashamaliza, yuko kantini anaagiza chapati. Mnajua siri yake? Asubuhi alivuta dawa zote za sindano kwa mpigo, akazipanga kwenye trei moja, na kila bomba akalibandika kipande cha plasta chenye namba ya kitanda. Nne, tano, sita, saba. Basi! Faili hafungui, jina haulizi. Anafika kitandani, anatazama namba, anatoa dawa, anasonga mbele.

Nesi mwenzake, mama wa makamo, alimwambia siku moja, "Dada, hizi plasta zako zitatuponza. Daktari kamwandikia mtu dawa, hakukiandikia kitanda."

Chapuchapu alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wewe endelea kuuliza majina kama karani wa sensa! Wagonjwa wangu mimi nawajua kuliko waume zao wanavyowajua."

Na kila nesi mpya aliyeletwa wodini alimfundisha mtindo ule ule. Walimpenda sana. Nani asiyempenda mtu anayemfupishia kazi?

Miaka ikaenda. Sista Chapuchapu akaota rovu shingoni, akapasuliwa, akalazwa katika wodi ile ile, kitanda cha nne. Shingo imefungwa bandeji, sauti haitoki hata ya kunong'ona. Na kwenye faili lake paliandikwa kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Kwa nini? Zamani, akiwa chuoni, alichomwa penisilini mara moja tu. Akavimba uso na koo, pumzi ikakata, wakamrudisha kwa taabu. Wakamwambia, ukichomwa tena, huenda tusikuwahi.

Asubuhi ya pili mvua ikanyesha, na bati likavuja juu ya kitanda cha nne. Wahudumu wakamhamishia cha saba. Mama aliyekuwa saba, mwenye kidonda cha mguu, wakampeleka kitanda cha mlangoni. Jambo dogo tu, ndugu zangu. Nani angeliona lina shida?

Saa nne trei ikaingia wodini, imepangwa na kubandikwa namba tangu alfajiri, kabla ya vitanda kubadilishwa. Aliyeishika ni binti aliyefundishwa na Chapuchapu mwenyewe, mchangamfu, mikono myepesi. Chapuchapu akamtazama kwa fahari anavyoshuka na mstari wa vitanda. Moja, mbili, tatu. Hata hasimami! Kisha akaiona trei vizuri. Akaziona plasta.

Lo! Saba ni nani? Saba ni yule mama wa kidonda. Na yule mama, jana daktari alipopita, Chapuchapu alisikia kwa masikio yake mwenyewe akiandikiwa penisilini.

Binti akafika. "Shikamoo, Sista wangu! Leo unaonekana una nafuu." Huku ameshaishika kanula, ule mrija mdogo wa dawa uliochomekwa mkononi mwa mgonjwa, anafungua kifuniko.

Chapuchapu akatikisa kichwa. Shingo ikamuuma kama inachanwa. Akaonyesha kidole kwenye bomba, akaonyesha kitanda cha nne, akafumbua mdomo kupiga kelele. Haikutoka hata pumzi yenye sauti.

Binti akacheka kwa upendo kabisa. "Jamani, hata wewe Sista unaogopa dawa? Tulia. Mimi si nimefundishwa na wewe?"

Mmesikia neno hilo? Yeye alilisikia. Akajua kwamba anakufa, na kwamba anayemuua hana hila hata kidogo. Anafanya kazi yake vizuri, kama alivyoelekezwa. Bomba likagusa kanula.

Chapuchapu akaikamata ile kanula kwa mkono wa pili, akaing'oa, plasta na vyote. Damu ikaruka mpaka kwenye shuka.

"Sista! Unafanya nini sasa?" Binti akakasirika. Akakandamiza pamba pale palipotoka damu, kisha akaenda mezani kuchukua faili la kitanda cha saba, aandike kwamba mgonjwa amekataa dawa. Akalifungua kwa hasira. Jina si la Sista. Akapekua mengine haraka haraka, akalipata la Chapuchapu, na wino mwekundu ukamtazama usoni. Akakaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa kwikwi wodi nzima ikimsikia.

Chapuchapu akaomba kalamu kwa ishara. Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: "Nyanyuka, mwanangu. Niulize jina."

Binti akanyanyuka, akasogea, machozi yanamdondoka. "Sista, jina lako nani?"

Na yule Sista, aliyekuwa haulizi mtu jina, akaliandika lake lote, herufi kwa herufi: la kwake, la baba yake, la babu yake.

Sasa sisi. Mnamhurumia Chapuchapu? Msimhurumie sana, maana tunafanana naye. Wewe fundi uliyemwambia kijana wako nondo mbili zinatosha, mwenye nyumba hataona, ujue nyumba yako ya uzeeni ataijenga yeye. Wewe mama unayemwambia mtoto, "Mtu akipiga hodi mwambie sipo," siku moja utapiga hodi kwake. Na mimi ninayesali mbele yenu huku mawazo yako shambani, nitaugua, na ataletwa wa kuniombea, na huenda akawa mmoja wenu aliyejifunza kusali kwangu. Ataniombea hivyo hivyo, chapuchapu.

Tunadhani njia yetu ya mkato inaishia kwetu. Haiishii. Kuna mtu anatutazama mikono, na anatupenda, na anaiga. Chapuchapu aliwahi kuing'oa kanula. Mimi na wewe tutawahi?

Kabla hatujaimba, kila mmoja akae kimya ajiulize: nani amejifunza kwangu, na atakuja kitandani kwangu na nini mkononi?